Mbwa Amepewa Dawa ya Minyoo na Bado Hali Haijabadilika: Utatuzi kwa Wafugaji wa Arusha na Moshi

Malalamiko yanayosikika kwenye maduka ya dawa za mifugo, kuanzia Ngaramtoni hadi Kiborloni, yanafanana sana: mbwa amepewa dawa, wiki chache zimepita, na minyoo wameonekana tena au mbwa anaendelea kukonda. Mara nyingi mfugaji huuziwa dozi nyingine ya dawa ileile, akarudi nyumbani kurudia jambo lililokwisha kushindikana. Minyoo wa mbwa ni wa aina nyingi, kila aina ina njia yake ya kuingia mwilini na dawa inayoiweza, na baadhi ya dalili ambazo wengi huzihesabu kuwa za minyoo hutokana na maradhi mengine kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata dalili kama wafugaji wanavyozieleza. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea zaidi kinatangulia, ukaguzi rahisi unakuja kabla ya tiba, na panaelezwa wazi ni wakati gani mfugaji anapaswa kuacha kujaribu mwenyewe na kumwita daktari wa mifugo.

Kabla ya kununua dawa yoyote

Pima uzito wa mbwa. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wake. Mbwa asiyebebeka apelekwe kwenye duka au kliniki yenye mizani ya kutosha. Kukisia kwa macho ni chanzo kikubwa cha dozi pungufu, hasa kwa mbwa wenye manyoya mengi au wale walinzi wenye kifua kipana ambao kila mtu huwadhania wepesi kuliko walivyo.

Kagua kinyesi kikiwa bado kibichi. Kinyesi kilicholala uani tangu asubuhi huingiwa na nzi, na jioni yake huwa na funza wadogo weupe ambao wamewafanya watu wengi wanunue dawa bila sababu. Ukiona kitu kinachotembea kwenye kinyesi kilichotoka dakika chache zilizopita, hicho kimetoka ndani ya mbwa. Ukikiona kwenye kinyesi cha jana, huwezi kujua.

Kisha inua mdomo wa juu uangalie fizi. Fizi zenye afya huwa na rangi ya waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mbwa wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi kwa asili, na hao uwakague kwa kuvuta taratibu kope la chini na kutazama utando wa ndani. Ukaguzi huu hauna gharama na huchukua muda mfupi kuliko kufungua pakiti ya dawa, lakini ndio unaokuambia kama una siku za kupanga au unatakiwa kuondoka sasa hivi kwenda kliniki.

Punje nyeupe kwenye kinyesi au kwenye manyoya ya chini ya mkia

Kisababishi cha kwanza ni tegu anayeenezwa na viroboto. Zile punje ni vipande vya mwili wake vilivyojaa mayai. Vikiwa vibichi hujikunja na kujinyoosha, vikikauka hufanana na punje za mchele na kunata kwenye manyoya au kwenye gunia analolalia. Mbwa humpata kwa kummeza kiroboto mwenye kiluwiluwi cha tegu wakati anapojikuna kwa meno, wala hampati kwa kula kinyesi cha mbwa mwenzake. Hapo ndipo tiba nyingi zinapoharibikia, kwa sababu mfugaji anamtibu tegu na kumwacha kiroboto.

Hakikisha kwa jaribio dogo. Tenganisha manyoya ya mgongoni karibu na mkia, kwangua uchafu mweusi ulio kama vumbi, uweke juu ya kipande cha pamba nyeupe iliyoloweshwa maji na ungoje kidogo. Ukitoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto chenye damu iliyomeng'enywa, hata kama hujamwona kiroboto hata mmoja akiruka.

Dawa ya tegu ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Dawa yenye pairanteli peke yake haimwezi tegu hata ukiongeza dozi, kwa hiyo soma viambato kwenye pakiti na usiridhike na maneno "dawa ya minyoo" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Usishangae pia usipoona tegu akitoka mzima baada ya tiba, kwa kuwa mara nyingi humeng'enywa humohumo tumboni. Siku hiyohiyo uanze kupambana na viroboto: mbwa wote wa nyumba na paka wapewe dawa yao, matandiko yafuliwe kwa maji ya moto au yachomwe, banda lifagiliwe mpaka kwenye nyufa na lianikwe juani. Viroboto wazima unaowaona kwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya kundi zima, na waliobaki ni mayai, viluwiluwi na mabuu waliomo ardhini na kwenye matandiko. Ukiacha hao, punje zitarudi baada ya wiki 3 hivi na utaona kama dawa imekudanganya.

Kisababishi cha pili ni tegu wa aina nyingine anayepatikana kwa kula panya, sungura au nyama na viungo vibichi vya mifugo. Vipande vyake kwa kawaida ni vikubwa kidogo na dawa yake ni ileile, lakini kinga yake ni kumzuia mbwa asile mizoga na matumbo mabichi.

Punje peke yake si dharura. Hata hivyo usimpe dawa bila ushauri mbwa mwenye mimba, mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki chache, au mbwa aliyekonda na kukataa chakula.

Mtoto wa mbwa ana tumbo kubwa, mbavu zinaonekana, na ametapika minyoo mirefu

Hawa karibu kila mara ni minyoo wa mviringo, weupe, wenye urefu wa sentimita kadhaa hadi zaidi ya 10, na wanaofanana na tambi. Wafugaji wengi hawaamini kwamba mtoto wa mbwa wa wiki 3 asiyewahi kutoka bandani anaweza kuwa na minyoo waliokomaa, lakini ndivyo ilivyo. Ndani ya misuli na viungo vya mama hulala viluwiluwi ambao dawa za kawaida haziwafikii. Mimba inapofika theluthi ya mwisho viluwiluwi hao huamka, hupita kwenye kondo na kuwaingia watoto wakiwa bado tumboni, na wengine hupitia kwenye maziwa. Kwa hiyo, hata kama mama alipewa dawa mwezi mmoja kabla ya kupandwa, wachukulie watoto wote kuwa wana minyoo.

Ratiba inayokubalika na madaktari wa mifugo ni kuanza watoto wakiwa na wiki 2, kwa kawaida kwa dawa ya maji yenye pairanteli, kisha kurudia kila baada ya wiki 2 mpaka wiki 2 baada ya kuachishwa kunyonya, na kuanzia hapo mara moja kwa mwezi mpaka wafikishe miezi 6. Mama apewe dawa siku zilezile za watoto. Tarehe hizo zina maana yake: kila dozi inawakuta minyoo waliofika utumbo baada ya dozi iliyopita, kabla hawajaanza kutaga. Jike mmoja wa minyoo hawa anaweza kutaga mayai zaidi ya 100,000 kwa siku, na mayai hayo yakishakomaa ardhini hudumu kwa miaka. Mfugaji anayeruka dozi ya wiki 4 anaacha uani kwake tatizo la watoto wa uzao ujao.

Si kila tumbo kubwa ni minyoo. Watoto wanaolishwa ugali mtupu bila dagaa, nyama au chakula kingine chenye protini huwa na umbo hilohilo. Zaidi ya hapo, tumbo linaloning'inia na kutikisika kama lenye maji ni jambo la daktari na halihitaji dawa ya minyoo.

Acha na umwite daktari iwapo mtoto anatapika mfululizo, tumbo limekuwa gumu na linamuuma ukiligusa, au hajapata choo tangu jana. Minyoo wengi wanaweza kuziba utumbo, na kundi kubwa linapokufa kwa pamoja baada ya dawa hatari hiyo huongezeka. Kwa mtoto aliyejaa minyoo kiasi hicho, tiba ya kwanza ifanyike kliniki.

Fizi nyeupe, kinyesi cheusi chenye kunata, mbwa amelegea

Hii ndiyo dalili ninayoomba isichezewe.

Kwa watoto wa mbwa kisababishi cha kwanza ni minyoo wa safura. Ni wadogo, kiasi cha sentimita 1 hadi 2, na hawaonekani kwa urahisi kwenye kinyesi, jambo linalowafanya wenye mbwa waseme kwa uhakika kwamba mbwa wao hana minyoo. Huuma ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mnyoo mmoja humsababishia mbwa upotevu wa damu wa takriban mililita 0.1 kwa siku. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 ana damu isiyofika mililita 200 mwilini mwake kote. Akiwa na minyoo 100, anapoteza karibu mililita 10 kila siku, na hesabu hiyo inaeleza kwa nini mtoto aliyekuwa akicheza Jumatatu anaweza kuwa hoi kabla ya wiki kwisha.

Safura humwingia mbwa kwa njia kadhaa: kupitia maziwa ya mama, kwa kulamba udongo, na hata kwa viluwiluwi kupenya ngozi ya nyayo na tumbo. Viluwiluwi hao wanapenda udongo wenye unyevu na kivuli, na wanakufa upesi pakikauka au jua likiwapiga moja kwa moja. Ndiyo maana vihamba vya Machame, Kibosho na Marangu, penye migomba na kahawa iliyofunga kivuli mwaka mzima, ni mahali pazuri sana kwao, na ndiyo maana maeneo mengine ya chini huona matatizo zaidi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kuliko wakati wa kiangazi. Banda lililowekwa chini ya mgomba kwa nia njema ya kumpa mbwa ubaridi linamlaza juu ya viluwiluwi. Lihamishie mahali jua linapofika, liinuliwe kwa mbao au liwe na sakafu ya saruji, na kinyesi kiokotwe kila siku, kwa sababu mayai ya safura huanguliwa na kufikia hatua ya kuambukiza ndani ya wiki moja hivi kukiwa na joto na unyevu.

Kwa mbwa wazima kuna kisababishi kingine kinachoonekana sana katika mikoa yetu, nacho ni homa zinazoletwa na kupe. Hizo huharibu au hupunguza chembe za damu, na mbwa huwa na fizi nyeupe au za njano, joto la mwili hupanda, hukataa chakula, wengine hutoa mkojo wa rangi ya kahawia au hutokwa damu puani. Dawa ya minyoo haitamsaidia hata kidogo, na siku atakazopoteza akingojea ifanye kazi zinaweza kumgharimu uhai. Kagua masikio, katikati ya vidole na chini ya shingo. Kutomkuta kupe leo hakuondoi uwezekano huo, maana kupe huweza kuwa ameshadondoka. Kisababishi kingine ni sumu ya panya inayozuia damu kuganda, hasa pale ambapo jirani ametega sumu karibu na ghala la mahindi.

Fizi zikiwa zimepauka kidogo na mbwa bado anakula, pairanteli au febendazoli kwa uzito sahihi hufaa, na dozi irudiwe baada ya wiki 2 hadi 3 ili kuwakuta minyoo waliokuwa bado safarini mwilini. Fizi zikiwa nyeupe kabisa, mbwa akihema kwa kasi au akishindwa kusimama, usimpe kitu chochote nyumbani. Dawa huua minyoo lakini hairudishi damu iliyokwisha kupotea, na mbwa huyo anaweza kuhitaji kuongezewa damu siku hiyohiyo.

Amepewa dawa lakini minyoo wanaonekana tena

Anza na swali la dawa gani. Pairanteli inaua minyoo wa mviringo na safura, haimgusi tegu. Prazikwanteli inaua tegu, haiwagusi wengine. Vidonge vya mchanganyiko vyenye prazikwanteli, pairanteli na febanteli hushughulikia aina karibu zote za utumbo, na vingi vimetengenezwa kwa kipimo cha kidonge 1 kwa kilo 10. Mbwa wa kilo 18 kwa kipimo hicho anahitaji vidonge 2, lakini wengi wa mbwa wa namna hiyo hupewa kimoja kwa sababu "ni mbwa mmoja". Dozi pungufu huwaacha minyoo wenye nguvu zaidi wakiwa hai, na hao ndio watakaozaa.

Swali la pili ni kama dawa ilifika tumboni. Kidonge kilichofichwa kwenye pande la ugali mara nyingi hutemwa nyuma ya banda baada ya mwenye mbwa kugeuka. Kipe kwa mkono, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo na umsugue koo mpaka umwone akimeza, kisha kaa naye kwa dakika chache. Mbwa mkali au asiyejulikana hali yake asifanyiwe hivyo.

Swali la tatu ni mazingira. Dawa nyingi za minyoo hufanya kazi kwa minyoo waliopo siku hiyo na hazibaki mwilini kuwakinga wanaoingia kesho. Mbwa akirudi kwenye ua uleule wenye kinyesi, viroboto na matumbo mabichi, anaambukizwa upya, na kumlaumu mwenye duka hakutabadilisha hilo. Kwa mbwa mzima, mara 4 kwa mwaka ndicho kiwango cha chini kinachofaa kwa mazingira yetu, na mbwa wote wa boma wapewe siku moja.

Swali la nne ni ubora wa dawa yenyewe. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti na kufungwa kwenye kikaratasi, kwa sababu huwezi kujua ni nini wala vimekaa juani kwa muda gani.

Hayo yote yakiwa sawa na tatizo likabaki, ndipo tufikirie usugu. Nchini Marekani imethibitika kwamba wapo safura wa mbwa waliokuwa sugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa, kwa hiyo jambo hili si la kubuni. Linathibitishwa kwa kuhesabu mayai kwenye kinyesi kabla ya tiba na tena siku 10 hadi 14 baada yake, wala si kwa kubahatisha. Chukua kinyesi kibichi kiasi cha kijiko cha chai, kiweke kwenye kopo safi lenye mfuniko, kiandike tarehe na saa, kikae mahali pa baridi bila kugandishwa, na kifike maabara siku hiyohiyo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Arusha, na kliniki zenye hadubini zinaweza kufanya kipimo hicho pia. Kumbuka tu kwamba mayai ya tegu wa viroboto mara nyingi hayaonekani kwenye kipimo cha kawaida, hivyo jibu la "hakuna mayai" halifuti zile punje ulizoziona kwa macho yako.

Kuharisha kamasi yenye damu mbichi

Kwa mbwa mzima anayeharisha kwa vipindi huku akiwa mchangamfu, fikiria minyoo mjeledi, ambao hukaa kwenye utumbo mpana na huchukua karibu miezi 3 tangu kuingia mpaka kuanza kutaga. Kwa sababu hiyo dozi moja haitoshi: febendazoli hutolewa miligramu 50 kwa kilo kwa siku 3 mfululizo, na hurudiwa kila mwezi kwa miezi 3. Pairanteli haiwawezi.

Kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa, kuhara damu yenye harufu kali pamoja na kutapika na kukataa chakula kuhesabiwe kuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi, mpaka daktari aseme vinginevyo. Usipoteze hata usiku mmoja kwa dawa ya minyoo. Mtenge na mbwa wengine na umpeleke.

Anajiburuza makalio chini

Wengi huamini hii ni dalili ya hakika ya minyoo, na mara nyingi sivyo. Kisababishi kikubwa ni tezi mbili za kando ya tundu la haja zilizojaa au kuingia uchafu. Kagua kama kuna punje za tegu, uwekundu au uvimbe. Punje zikiwapo, fuata maelezo ya tegu hapo juu. Uvimbe wa upande mmoja wenye maumivu au usaha ni wa daktari, na usijaribu kuukamua nyumbani.

Anatema chakula kizima muda mfupi baada ya kula

Hapa onyo linatangulia maelezo. Mbwa anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, ambaye sauti au tabia yake imebadilika, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usiingize mkono mdomoni mwake kutafuta mfupa wala kumpa kidonge. Mfungie mahali salama, zuia watoto, mwite ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo, na yeyote aliyeng'atwa au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo kwa ajili ya chanjo.

Ikishathibitika kwamba si kichaa, pana mfupa uliokwama, na pana mnyoo anayeitwa Spirocerca lupi, ambaye hutengeneza uvimbe kwenye umio na anajulikana Afrika Mashariki. Mbwa humpata kwa kula dundu wanaoviringisha kinyesi, au kwa kula mjusi, kuku au mnyama mwingine mdogo aliyewala dundu hao. Dalili nyingine ni kukohoa, kukonda na kumeza mate mara kwa mara. Vidonge vya kawaida vya minyoo ya utumbo havimtibu. Anahitaji picha ya eksirei au kamera ya kuingizwa kooni pamoja na dawa maalumu inayopangwa na daktari, na uvimbe ukiachwa muda mrefu unaweza kugeuka saratani.

Baada ya dawa anapepesuka, anatoka mate, haoni vizuri

Uliza kwanza ni dawa gani aliyopewa. Kutapika mara moja au kuharisha kidogo baada ya vidonge vya mbwa hupita kwa kawaida. Kupepesuka, kutetemeka, mboni kutanuka na kulala usingizi usio wa kawaida huashiria sumu, na mhusika mkuu ni ivamektini ya sindano ya ng'ombe na mbuzi ambayo baadhi ya watu huwachoma mbwa.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Dawa hiyo ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Kipimo cha kila mwezi kwa mbwa, kile cha kuzuia minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, ni mikrogramu 6 kwa kilo. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60 tu, ambazo ni sehemu ndogo mno ya mililita kupimika kwa bomba la kawaida, na mtu anayemchoma mililita 1 anampa zaidi ya mara 160 ya kiasi hicho. Daktari anaweza kutumia kiwango cha juu zaidi kwa ugonjwa wa ngozi, lakini hufanya hivyo kwa uangalifu, kwa sababu mbwa wa jamii ya koli na baadhi ya mbwa wachungaji, pamoja na machotara wao, huweza kuwa na kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Levamisoli ya mifugo nayo ina nafasi ndogo sana kati ya dozi ya tiba na dozi ya sumu kwa mbwa, na dawa za minyoo za binadamu zisitumike bila daktari.

Hakuna tiba ya nyumbani hapa. Usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa wala mafuta, maana mbwa aliyelegea huweza kupaliwa. Chukua chupa ya dawa, andika kiasi na saa aliyopewa, na umwahishe kliniki.

Hana dalili yoyote, ila hula matumbo mabichi

Mbwa huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, kwa kuwa madhara humwangukia binadamu. Yuko tegu mdogo wa milimita chache, Echinococcus granulosus, ambaye mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji kutoka kwa kondoo, mbuzi au ng'ombe. Mbwa haonyeshi ugonjwa, punje hazionekani kwa macho, na mayai yanayotoka na kinyesi huwa tayari kuambukiza papo hapo. Mtu akiyameza kupitia mikono, mboga au maji, huota malengelenge hayohayo kwenye ini au mapafu, yakikua polepole kwa miaka hadi yanapohitaji upasuaji. Hatari ni kubwa zaidi kwa jamii za wafugaji kama za Longido, Monduli na Ngorongoro, ambako mbwa hukaa karibu sana na mifugo na pale mnyama anapochinjwa. Tegu mwingine wa mbwa huwapa mbuzi na kondoo uvimbe wa ubongo unaowafanya wazunguke bila mwelekeo, na mfugaji anayetupa vichwa vya wanyama hao kwa mbwa anaurudisha ugonjwa zizini mwake mwenyewe.

Viungo vyenye malengelenge vizikwe kwa kina au viteketezwe. Mapupu na utumbo unaonunuliwa buchani kwa ajili ya mbwa uchemshwe mpaka uive hadi ndani, si chini ya dakika 40 tangu maji yaanze kuchemka. Mbwa asiyeweza kuzuiwa kufika kwenye machinjio apewe prazikwanteli kila baada ya wiki 6, kwa sababu tegu huyu huanza kutoa mayai takriban muda huo baada ya kumezwa. Kinyesi cha siku chache baada ya dawa kizikwe, na anayekiokota avae glovu au mfuko mkononi.

Watoto wafundishwe kunawa mikono baada ya kucheza na mbwa na kabla ya kula, na wavae viatu penye udongo wa kivuli, kwani viluwiluwi vya safura ya mbwa huingia ngozini na kuacha mistari inayotambaa na kuwasha, na mayai ya minyoo wa mviringo yakimezwa yanaweza kumdhuru mtoto macho au ini. Mtoto akipata mistari hiyo, akiona ukungu kwenye jicho moja, au mtu mzima akiwa na maumivu ya muda mrefu chini ya mbavu za kulia, aende hospitali na amweleze daktari bila kuulizwa kwamba nyumbani kuna mbwa, analishwa nini, na mara ya mwisho alipewa dawa gani.